Duara Likititia na Mwenzako Akatoka Hai: Mwongozo Kamili wa Wiki Zinazofuata

Tumfanyie nini mwenzetu aliyetolewa hai? Swali hili hurudi kila duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, linapotitia na kufukia watu, iwe Geita, Kahama au Chunya, na huja kwa sura ileile. Mtu katolewa hai. Siku ya kwanza kambi nzima ilikuwa naye. Wiki ya tatu halali, anaanza kunywa asubuhi, na baruti ikilia duara la jirani anaruka na kukimbia. Wenzake wamemteremsha kwa nguvu "atoe woga". Wamempeleka zahanati akarudi na panado. Wamempeleka kwa mganga. Sasa wanauliza wafanye nini tena.

Wema wa siku ya kwanza huwa haukosekani machimboni. Kinachokosekana ni mtu wa kuzishika wiki zinazofuata: anayejua jana mwenzake alilala saa ngapi, tarehe ya kurudi hospitali ni lini, na nani analipa nauli. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na hapa nitamwita msindikizaji. Si lazima awe daktari. Awe mtu anayeaminiwa na aliyeokolewa, asiwe mlevi, na asiwe yule anayemdai.

Soma wote kwanza, kisha uanze Hatua ya 1. Kama ajali ilishatokea wiki kadhaa zilizopita, andaa vitu vilivyoorodheshwa hapa chini kisha uende moja kwa moja Hatua ya 4.

## Vitu vya kuandaa

Msindikizaji mmoja, na wa akiba mmoja. Majina yatajwe mbele ya kambi. Kazi ya wote huishia kuwa kazi ya hakuna mtu.

Daftari dogo na kalamu. Litakaa kwa msindikizaji.

Mahali pa kulala palipo mbali na mdomo wa duara, kompresa na sehemu ya kuchomea dhahabu.

Simu yenye chaji na salio, ikiwa na namba ya nyumbani kwake, ya zahanati ya karibu na ya dereva wa bodaboda au gari anayekubali kuamshwa usiku. Ongeza 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 199 ya Wizara ya Afya, ambayo unaweza kupiga bure kuomba ushauri.

Nauli ya safari mbili za hospitali, kwenda na kurudi, kwa watu wawili. Ya safari moja haitoshi. Wengi hukwama hapa: wanakwenda mara ya kwanza, wanapewa tarehe, na tarehe ikifika mfuko ni mtupu.

Makubaliano na mwenye duara. Mchimbaji mdogo halipwi mshahara. Analipwa mgawo wa mifuko ya mawe, na asiyeteremka hana mgawo. Mtu mwenye deni kwa mama ntilie na watoto wanaosubiri ada atateremka hata kama mikono inatetemeka. Kaeni na mwenye duara siku hizo za mwanzo, wakati bado ana huruma, mwandike atapata nini kwa mwezi mmoja: chakula, nusu mgawo, au deni lake kusimamishwa. Msiache hili libaki maneno ya mdomoni.

Kama aliyeumia ni mwajiriwa wa kampuni, mambo ni tofauti. Mwajiri anatakiwa kuwa amesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na kutoa taarifa ya ajali. Uliza mapema, na omba nakala.

## Hatua ya 1: Mwili kwanza, maswali baadaye

Mtu aliyetoka chini akiwa anaongea ovyo, amelegea kama mlevi au hatambui wenzake, usiseme "ni mshtuko tu". Huenda amegongwa kichwa. Huenda alivuta moshi wa baruti au alikosa hewa kwa muda mrefu. Vyote hivyo huvuruga akili kabla ya hofu kuingia, na vinatibiwa hospitali.

Mpeleke siku hiyohiyo, hata kama anatembea mwenyewe, ikiwa:

- alizimia hata kwa dakika chache, anatapika, au damu au maji yanamtoka puani au masikioni;
- mguu au mkono ulibanwa na kifusi kwa saa kadhaa, hasa mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kola, maana misuli iliyosagika humwaga sumu inayoharibu figo;
- alikaa chini zaidi ya siku moja bila chakula.

Hao waliokaa muda mrefu wanahitaji tahadhari ya pekee. Novemba 2015, huko Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mtu aliyeshinda njaa namna hiyo ukimjaza ugali na nyama kwa furaha unaweza kumuua, kwa sababu chumvichumvi za damu huvurugika ghafla. Mpe maji kidogokidogo, mengine yaamuliwe na daktari. Mfunike macho pia kabla hajafika kwenye mwanga wa jua. Wale wachimbaji 33 wa Chile walipotolewa mwaka 2010 baada ya siku 69, walitoka wamevaa miwani meusi kwa sababu hiyo.

Hospitali inaweza kuomba PF3, fomu ya polisi, kwa ajili ya majeraha. Mtu mwingine aifuatilie. Wewe usimwache mgonjwa.

Utajua hatua imekamilika daktari au tabibu akishamkagua kichwa, kifua na mkojo, nawe umeandika daftarini tarehe ya ajali, saa alizokaa chini, na kama alizimia.

## Hatua ya 2: Siku tatu za mwanzo

Kazi yako hapa ni ndogo kuliko unavyodhani: usalama, joto, chakula, usingizi, na sauti ya nyumbani.

Mpigie mkewe au mama yake, kisha mpe simu aongee mwenyewe. Fanya hivyo kabla habari hazijafika kwao kwa njia ya picha za WhatsApp. Wazuie wenye simu zao wanaotaka kurekodi. Hadithi ile ataisimulia akipenda, kwa muda wake, na kwa mtu anayemtaka.

Kumbana mtu asimulie kila kitu usiku uleule, kwa imani kwamba "akitapika yote atapona", ni kosa lililozoeleka sana. Shirika la Afya Duniani (WHO) halishauri mtindo huo wa kumkalisha mtu mara moja na kumchimbua. Akitaka kusema, sikiliza bila kumkatiza. Akinyamaza, kaa naye.

Polisi na maofisa wa madini watahitaji maelezo yake, na wana haki hiyo. Omba kwa heshima iwe baada ya matibabu na baada ya kulala, na uruhusiwe kukaa karibu naye.

Maneno yanayosaidia: "Uko juu sasa. Tuko wote hapa." "Ukitaka kusema nipo, usipotaka nipo." "Nimempigia shemeji, anakusubiri simu."

Maneno ya kuepuka: "Mwanaume halii." "Shukuru Mungu, wenzako siku zao zilikuwa zimefika." Hili la pili husemwa kwa nia njema kabisa, lakini kwa aliyemshika mwenzake mkono mpaka ukapoa, linamwambia kwamba hana ruhusa ya kuomboleza.

Hofu ikimpanda ghafla, moyo ukienda mbio na pumzi zikikatika, mkalishe, miguu yote iguse ardhi. Mwambie atoe pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Mwombe akutajie vitu anavyoviona hapo alipo: bati, ndoo, mti, mbuzi. Hofu ya namna hiyo kwa kawaida hushuka ndani ya dakika chache. Ikiambatana na maumivu ya kifua yasiyoisha au kuzimia, rudi Hatua ya 1.

Onyo kuhusu pombe na vidonge. Gongo, Konyagi na bangi humlaza upesi, kisha humwamsha saa nane usiku na ndoto mbaya zaidi, na kesho atahitaji zaidi. Vidonge vya Valium na tramadol vinavyouzwa kienyeji kwenye vibanda vina hatari hiyohiyo, na vikichanganywa na pombe vinaweza kuzima pumzi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2013 unasema wazi kwamba dawa za jamii ya Valium zisitolewe kwa ajili ya mshtuko au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Rafiki akileta chupa ya pole, ipokee kwa shukrani, iweke mbali.

Utajua mambo yanakwenda vizuri akianza kula, akilala japo kwa vipande, akiongea na wa nyumbani, na akikubali uwe karibu. Kulia, kutetemeka, kukaa kimya na kurudia sentensi moja ni kawaida katika siku hizi.

## Hatua ya 3: Daftari la wiki nne

Kila siku andika mstari mmoja. Tarehe, amelala saa ngapi, amekula mara ngapi, amekunywa pombe au hapana, na jambo moja aliloshindwa au alilofanikiwa. Mfano: "Tar. 9. Kalala saa 3. Kula mara 1. Bia 2. Kashindwa kupita karibu na duara."

Usimfiche daftari hilo. Mwonyeshe, mwambie ni la hospitali endapo patakuwa na haja.

Utaona haya: ndoto za kifusi, kushtuka kwa mlio wa baruti au mlango, kukwepa giza, hata choo cha usiku, hasira za ghafla, kulaumu nafsi kwa kuwa yeye katoka na fulani kabaki. Mwili wake bado unalinda uhai wake, na haujapata taarifa kwamba hatari imeisha. Kwa walio wengi, mambo haya hupungua wiki hadi wiki. Unachotafuta daftarini ni mwelekeo. Saa 3 za usingizi, kisha 4, kisha 4, kisha 5: huyo anapanda. Saa 3, 3, 2, na bia mbili zimekuwa sita: huyo anashuka, hata kama mchana anacheka na wenzake.

Mpe ratiba. Aamke saa ileile, aoge, afanye kazi ya mikono yenye mwanzo na mwisho: kurekebisha turubai, kuchota maji, kupanga mifuko. Anayeswali aende msikitini, wa kanisani aende kanisani. Kulala mchana kutwa ndani ya kibanda cha turubai humwongezea ndoto.

### Kazi moja ambayo usimpe kamwe

Machimboni, mtu asiyeweza kuteremka hupewa "kazi nyepesi" ya kukamatisha dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Inaonekana ni huruma. Lakini mvuke wa zebaki hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu: mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau, hasira za haraka, aibu ya kupita kiasi na kujitenga na watu. Dalili hizo ukizisoma upya utaona ni zilezile unazoandika daftarini.

Kwa hiyo unamwongezea mgonjwa ugonjwa, na unamfunga macho daktari asijue kinachomsumbua ni kipi. Na kama tayari alikuwa mchomaji kwa miaka kabla ya ajali, andika hilo kwenye ukurasa wa kwanza. Nina hakika baadhi ya watu wanaosemwa "wamechezewa", yaani wamerogwa, huku kanda ya ziwa ni watu waliovuta mvuke ule kwa miaka, kwenye kikaango kilekile walichopikia mboga.

## Hatua ya 4: Uamuzi wa wiki ya nne

Wataalamu hutumia mwezi mmoja kama mpaka. Kabla ya hapo, mengi ya yaliyotajwa huhesabiwa kuwa mwitikio wa kawaida wa mshtuko. Yakipita mwezi na bado yanamzuia kulala, kufanya kazi au kuishi na watu, kuna uwezekano wa ugonjwa unaotokana na kiwewe, au sonona (huzuni nzito isiyoisha), au vyote viwili. Vinatibika, lakini kusubiri tu hakuviponyi.

Fungua daftari, au kama umeanzia hapa, kumbuka wiki zilizopita. Nenda Hatua ya 5 kama mojawapo ya haya ni kweli:

- wiki ya nne hana nafuu ukilinganisha na ya kwanza;
- pombe, bangi au vidonge vimeongezeka;
- amewapiga au kuwatishia watu, jambo ambalo halikuwa desturi yake;
- hapokei simu za nyumbani, hatumi fedha, hajali kuoga.

Usisubiri wiki ya nne, nenda leo, kama anasikia sauti wengine wasizosikia, haelewi yuko wapi, au anazungumzia kufa.

### Swali ambalo watu hulikwepa

Muulize, mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida: "Kuna wakati unatamani usingeamka? Umewahi kufikiria kujiua?"

Watu huogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo hilo. Hakutamtia. Mara nyingi mtu aliyelibeba peke yake hushusha pumzi akisikia limetajwa. Zipo pia sentensi zinazopita kimyakimya ambazo uzichukue kwa uzito: "Afadhali ningebaki nao chini," "Mtapumzika na mimi," au ugawaji wa ghafla wa simu, nguo na moko (patasi ya kuchimbia) wake.

Akijibu ndiyo:

1. Usimwache peke yake, hata chooni mtu asimame nje. Gawaneni zamu.
2. Funga stoo ya baruti, sayanidi, zebaki na sumu za mimea, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja.
3. Mweleze mtu mmoja wa familia yake, kwa idhini yake ikiwezekana.
4. Nendeni hospitali siku hiyo.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Ni kweli Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini kuwa na mawazo hayo na kumweleza daktari si jaribio. Na hata mahali ambapo jaribio limetokea, matibabu ya kuokoa maisha yanatangulia. Usimfiche mtu ndani kwa hofu hiyo.

## Hatua ya 5: Safari ya hospitali isiyorudi na panado

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapofeli huku wakidhani wamefanya kila kitu.

Kosa la kwanza ni kudhani matibabu ya akili ni Mirembe, Dodoma, basi. Mirembe ni hospitali ya taifa na mgonjwa wako huenda asiihitaji kabisa. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uombe rufaa pale panapohitajika. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na kliniki ya afya ya akili, na kwa kanda ya ziwa Bugando, Mwanza, ina idara ya magonjwa ya akili. Kabla ya kupanda gari piga simu kuuliza kliniki ni siku gani, maana si lazima iwe kila siku.

Kosa la pili ni sentensi ya kwanza mbele ya tabibu. Mchimbaji akiulizwa anaumwa nini atasema: "Kichwa, mwili unauma, sipati usingizi." Foleni ni ndefu. Atapimwa malaria, atapewa dawa ya maumivu, ataambiwa apumzike. Tabibu hajakosea, ametibu alichoambiwa. Wewe ndiye uanze, kwa sentensi kama hii:

*"Huyu alifukiwa na kifusi wiki tano zilizopita, alikaa chini saa 19, wenzake wawili walifariki. Tangu hapo analala saa 3, anaota kifusi kila usiku, hawezi kukaribia duara, na pombe imeongezeka. Tunaomba aonwe na mtu wa afya ya akili."*

Kisha weka daftari mezani.

Nusu ukurasa wa mbele wa daftari uwe na haya, yaliyoandikwa kabla ya kuondoka kambini: tarehe ya ajali, kama aligongwa kichwa au alizimia, amefanya kazi ya zebaki kwa miaka mingapi, anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba, na kama yeye au ndugu yake aliwahi kuugua akili au kifafa. Kuhusu pombe, semeni ukweli. Mnywaji mkubwa akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kwa hiyo daktari lazima ajue.

Fedha ikiwa kikwazo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla ya kuamua kurudi nyumbani. Kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza wasio na uwezo wa kulipa.

Huenda akapangiwa mazungumzo ya tiba na mtaalamu, au dawa, au vyote. Dawa zinazotumika sana kwa sonona na kiwewe ni za jamii ya amitriptilini au fluoksetini. Kabla ya kutoka chumbani uliza maswali manne: Inaanza kufanya kazi baada ya muda gani? Inalewesha? Ikiisha kabla ya tarehe tufanyeje? Tarehe ya kurudi ni ipi?

Jibu la swali la kwanza huwashangaza wengi: wiki mbili hadi sita. Mchimbaji aliyezoea Panadol ya nusu saa atasema siku ya tano "hazifanyi kazi" na kuzitupa. Mwambie mapema. Akishapata nafuu pia asiache ghafla bila daktari.

Onyo. Amitriptilini husababisha usingizi, kwa hiyo mtu aliyeianza hatakiwi kuwa kwenye winchi, kalasha (mashine ya kusaga mawe) au pikipiki mpaka ijulikane inamchukuaje. Tena ikinywewa nyingi kwa pamoja ni hatari kwa moyo. Pakiti ikae kwa msindikizaji, naye ampe ya siku tu.

### Mganga, mchungaji, shehe

Usianzishe vita. Familia inaweza kutaka tambiko la mizimu ya mgodi au maombi, na mara nyingi mtu hupata utulivu humo. Weka masharti matatu tu: dawa za hospitali zisikatishwe, asifungwe wala kupigwa, asinyimwe chakula wala kunyweshwa asivyovijua. Wakikubali hayo, nenda nao.

Utajua hatua imefanikiwa mkirudi kambini na vitu vitatu: jina la tatizo lililoandikwa, tarehe ya pili, na nauli ya tarehe hiyo iliyofungwa pembeni. Ya mwisho ndiyo hupotea. Mpe mama ntilie aitunze.

## Hatua ya 6: Kurudi chini, au kutorudi

Kwanza kagua duara lenyewe. Woga wake unaweza kuwa na akili kuliko ushujaa wenu. Kama matimba, yaani miti inayoshikilia kuta, yameoza, kuta zina nyufa na mvua zimeanza, basi anayekataa kuteremka ndiye mzima. Rekebisheni matimba, hakikisheni hewa inafika, na fuateni maelekezo ya ofisi ya madini iliyofunga duara baada ya ajali. Huwezi kumtibu mtu hofu ya kitu ambacho kweli kitamwangukia.

Duara likiwa salama na yeye mwenyewe akitaka kurudi, fanyeni kwa ngazi. Kila ngazi irudiwe mpaka imchoshe kwa uzoefu, ndipo mwende inayofuata:

1. Kukaa mita kadhaa kutoka mdomo wa duara wakati wa shifti.
2. Kusimama mdomoni, kushika kamba, kupokea mifuko, akiwa na mtu.
3. Kuteremka kidogo, mchana, siku isiyo ya kulipua, mwenzake akiwa mbele yake na mwingine juu.
4. Kufika kwenye mwamba, kukaa bila kufanya kazi, kupanda.
5. Nusu shifti.

Kubalianeni ishara ya kupanda, mvuto wa kamba au mwanga wa tochi, na ishara hiyo iheshimiwe bila kucheka. Hofu ikimpata ngazini, asikimbilie juu papo hapo kama hakuna hatari ya kweli. Asimame pale, atoe pumzi polepole, asubiri ishuke, ndipo apande. Akipanda wakati hofu iko kileleni, mwili unajifunza kwamba kilichomwokoa ni kukimbia, na kesho itakuwa ngumu zaidi.

Akiwa bado ananyemelewa na picha za ajali mchana, asiwe mtu wa winchi wala wa kuwasha fataki. Maisha ya wengine yapo mikononi mwake, na sekunde tano za kupotea zinatosha.

Kumshusha kwa kumshtukiza, kumfunga kamba huku watu wanacheka, au kumwambia mgawo wake utategemea kuteremka leo, kunaweza kufuta kazi ya miezi miwili. Nasema hili kwa wenye maduara hasa.

Asipotaka kurudi, mpeni njia. Kupanga mifuko, kupima, ulinzi, duka la vifaa, kilimo cha nyumbani. Wapo waliozaliwa kwa watu wa machimbo ambao hawataki kusikia hili, wanaona ni kushindwa. Wale 33 wa Chile walikuwa na wataalamu wa saikolojia wakiongea nao tangu wakiwa chini, na bado wengi wao waliendelea kusumbuliwa kwa miaka. Mchimbaji wa Nyarugusu, Geita, aliyeamua kulima mpunga hajashindwa na kitu.

## Hatua ya 7: Wale ambao hakuna aliyewauliza

Waliochimbua kifusi kwa mikono na kubeba miili nao waliona. Hivyo hivyo mtu wa kamba aliyesikia kelele zikinyamaza, na mwenye duara anayedaiwa na familia tatu. Wape wiki nne zilezile za kuangaliwa. Daftari moja linatosha kwa wote, kila mmoja na ukurasa wake.

Mwili usipopatikana, ndugu hubaki katikati: hawawezi kuzika, hawawezi kusubiri. Kaeni nao na viongozi wao wa dini mapema, waamue wenyewe kama watafanya matanga, na kambi ichangie kama ingechangia msiba wowote.

## Hatua ya 8: Akihamia machimbo mengine

Rashi, yaani mbio za watu kwenda kwenye dhahabu mpya, ikitangazwa mahali, ataondoka. Huwezi kumzuia. Kabla hajapanda basi, hakikisha amebeba cheti chake cha kliniki, dawa za mwezi mzima, na karatasi yenye jina la dawa na kipimo chake, kwa sababu cheti hupotea na pakiti hutupwa. Mwulize anakwenda kwa nani, chukua namba ya huyo mtu, na umpigie wewe mwenyewe umweleze mambo mawili: asimpe kazi ya zebaki, na tarehe ya kliniki ni lini. Daftari mpe aende nalo. Wewe baki na tarehe ile kwenye simu yako, na siku mbili kabla haijafika, mpigie.